Kilichokuwa Kwenye Chungu cha Ama Yosefina

Bwana Mbaruku amefariki. Binti yake alinipigia simu kutoka Tanga baada ya mazishi, sauti imechoka kwa kupokea wageni, akasema amelikuta jina langu kwenye simu ya marehemu na ana jambo moja anataka kuniuliza. Yeye na ndugu zake walijua kwamba baba yao aliwahi kufanya kazi bara, huko Karatu, wakati wao wakiwa wadogo. Walikumbuka maharage aliyokuja nayo likizo, na koti zito ambalo Tanga halikuwa na kazi. Lakini hakuna aliyejua huko alikuwa akifanya nini hasa. Nikamwambia alikuwa anapima maji. "Wingi wake?" akauliza. Nikasema hapana, alikuwa anapima kilichomo. Akasema, "Kwani ndani ya maji kuna nini zaidi ya maji?" Nikacheka, maana ndilo swali nililomuuliza baba yake siku ya kwanza, karibu kwa maneno hayohayo, na jibu lake lilinichukua mwaka mzima kulielewa. Tangu simu ile nimekuwa nikiurudia mwaka huo kichwani, nikipika, nikifagia, hata nikiwa kanisani mahubiri yakiendelea. Nimeona niuandike kabla sijaanza kuuchanganya na miaka mingine.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa sayansi, nikaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika mradi wa maji ya vijiji. Niliposikia neno maabara nilijenga picha ya jengo jeupe lenye watu waliovaa makoti. Kumbe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya mabomba, kando ya barabara iendayo kwenye geti la Ngorongoro, na kila gari lililopita lilituachia tabaka jipya la vumbi jekundu kwenye meza. Kulikuwa na mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, friji ya mafuta ya taa ambayo sikuwahi kuiona ikipoza kitu, na rafu ya chupa ambazo Bwana Mbaruku alizifuta yeye mwenyewe kila asubuhi, hakumruhusu mtu mwingine. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kanzu yake ya Ijumaa iliyotunzwa vizuri kwenye sanduku, na Kiswahili chake kilitoka kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Changu kilikuwa Kiswahili cha shule, chenye koo la Kiiraqw ndani yake, na mwanzoni nilikuwa naona haya kufungua mdomo mbele yake. Haya hiyo ilikuwa na sababu nyingine pia. Nilikuwa na meno ya kahawia, kama wenzangu wengi tuliokulia upande ule. Shuleni, wasichana waliotoka Morogoro na Dodoma walinishauri nisugue kwa mkaa, kwa chumvi, kwa jivu, na nilisugua mpaka ufizi ukatoa damu. Katika picha zote za ujana wangu nimefumba mdomo, naonekana kama mtu aliyeudhiwa.

Aliyenieleza kwa mara ya kwanza kwa nini meno yangu yako hivyo ni yeye, tena bila huruma wala dhihaka, kama mtu anayekuelekeza njia. "Usisugue tena, binti," alisema. "Huo si uchafu. Jino lako liliumbwa hivyo likiwa bado ndani ya ufizi, ulipokuwa mtoto mchanga. Kuna kitu kinaitwa floraidi. Kinatoka kwenye mawe ya volkano, kinaingia kwenye maji. Kikiwa kidogo kinaimarisha jino, kikizidi kinalitia rangi, kikizidi sana kinapinda mifupa. Kitu ni kilekile. Tofauti ni kiasi." Nilikwenda na neno hilo, kiasi, mpaka nyumbani nilikopanga. Miaka yote nilikuwa nadhani sumu ni sumu na dawa ni dawa. Sasa naambiwa kitu kimoja kinaweza kuwa vyote viwili, na kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kujua mpaka uko wapi.

Somo la ukolevu alinifundisha kwa chai. Sukari ilikuwa adimu wakati ule, tukiipata kwa foleni kwenye duka la ushirika, kwa hiyo niliona ni mtu mwenye nia kweli alipochota kijiko kizima akakitia kwenye kikombe changu. "Imekolea?" akauliza. Nikasema imekolea. Akaimimina kwenye jagi, akaongeza maji ya moto, akanionjesha tena. "Na sasa?" Nikasema sukari imepungua. "Imekwenda wapi?" Akasubiri. Alikuwa hodari wa kusubiri. Mwishowe nikasema haijaenda popote. "Basi usiseme sukari imepungua," alisema. "Sukari ni ileile. Kilichoongezeka ni maji. Ukilishika hilo, hesabu zote za humu ndani umeziweza." Na ni kweli. Kulikuwa na chupa moja aliyoiita chupa mama, yenye mmumunyo wa floraidi wa miligramu mia kwa kila lita. Kutoka humo tulichota mililita kumi kwa pipeti, tukajaza maji safi ya mvuke uliopozwa mpaka ikawa lita nzima. Ulichochota, zidisha kwa ukolevu wake; gawanya kwa ujazo mpya; hapo una miligramu moja kwa lita. Ukichota nusu yake, una nusu. Tulipanga safu ya glasi hivyo, kuanzia isiyo na kitu hadi yenye miligramu mbili, na katika kila moja tukadondosha dawa nyekundu. Glasi isiyo na floraidi ilibaki nyekundu. Kadiri floraidi ilivyozidi, wekundu ulififia, ukawa wa machungwa, ukaishia njano. Halafu tulichukua maji ya kijiji, tukayatia dawa ileile, tukatafuta glasi gani yanafanana nayo. Nilikuwa siamini kwamba hesabu ya kwenye karatasi inaweza kugeuka rangi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa natengeneza safu ile hata pasipo na sampuli za kupima, kwa kutaka tu kuiona.

Mafuta ya gari yalikuwa ya shida. Landrova ya mradi ilikaa chini ya turubai muda mrefu kuliko ilivyokaa barabarani, na ndiyo maana tulipopewa kazi ya chemchemi ya Endamarariek, Bwana Mbaruku aliamua nikae kulekule kijijini nikusanye sampuli, gari likipatikana lije kunichukua. Nilipewa chumba kwa mjane mmoja, Ama Yosefina. Ama ndivyo Wairaqw tunavyomwita bibi, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la pembeni, lenye mafiga matatu na moshi ambao uliyafanya macho yangu yawe mekundu mwezi mzima wa kwanza. Aliishi na wajukuu wawili. Mama yao alifanya kazi kwenye shamba la kahawa na kuja mwisho wa mwezi. Paulina alikuwa na umri wa kama miaka sita, meno ya mbele yameng'oka, mwenye maswali mengi. Emanueli alikuwa bado anatambaa, ndiyo kwanza ameanza kulishwa vyakula vya kijiko. Jioni tulikaa wote kuzunguka mafiga, na chakula kilikuwa makande, mahindi na maharage vilivyopikwa mpaka vikawa laini kama mkate uliolowekwa. Emanueli alipewa yake, yaliyopondwapondwa, naye aliyapigia kelele kama mtu anayedai haki. Nimekula hoteli kubwa tangu wakati ule, lakini sijala makande kama yale.

Chemchemi ilikuwa safi. Nilichota sampuli asubuhi na jioni, wakati wa mvua na wakati wa jua, nikazipeleka Karatu, na kila mara wekundu ulipungua kidogo tu, sawa na glasi ya nusu miligramu. Maji mazuri kuliko hayo tulikuwa hatujayaona upande ule. Mradi ulitaka kuyaleta kwa bomba mpaka shuleni na vitongoji vya chini, ili watu waache visima vyao vya bondeni, vilivyokauka kila kiangazi. Bwana Mbaruku akaja mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji kutoa matokeo. Alieleza vizuri, watu wakasikiliza. Kisha akasimama Mzee Bura, mjumbe wa kamati ya maji, mtu mrefu mwenye blanketi begani, aliyeishi kitongoji cha juu kabisa, karibu na chemchemi. Hakubishana. Alimwita mjukuu wake, msichana wa kama miaka kumi, akamwambia afungue mdomo. Meno yalikuwa kama yangu. "Huyu hajawahi kunywa maji mengine," alisema Mzee Bura. "Amezaliwa kwenye chemchemi hiyo. Sisi sote kule juu hatuna maji mengine. Wewe unasema maji ni mazuri, na watoto wetu unawaona. Kama kipimo chako hakioni kitu kilichoko mdomoni mwa mtoto, kitaona nini kwenye chupa?" Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema suala la bomba lisubiri mpaka wapimaji wapime vizuri.

Tulirudi Karatu. Nilijua anachofikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hivyohivyo: huenda nilikosea kutengeneza safu ya glasi, na kosa dogo kwenye chupa mama linageuza kila kitu kinachofuata. Tulipofika aliniambia nitoke nje. Nilisimama stoo, katikati ya mabomba, nikisikia glasi zikigongana. Aliponiita, glasi zilikuwa zimepangwa ovyo juu ya meza, hazina lebo, nyingine amezitengeneza yeye, nyingine nilizitengeneza mimi, na baadhi ni maji ya chemchemi. "Zipange," alisema. Nilizipanga kwa macho, taratibu, dirishani kwenye mwanga. Akageuza moja moja kuangalia karatasi aliyobandika chini. Alimaliza, akavuta kiti, akakaa. "Macho yako hayana kosa," alisema. "Hesabu yako haina kosa. Maji hayana kosa. Kwa hiyo yule mzee naye hana kosa." Nikamuuliza hilo litawezekana vipi. "Sijui," alisema, na nilishangaa jinsi alivyolisema neno hilo kwa furaha, kama mtu aliyeletewa zawadi. "Tumeuliza maji, maji yamejibu. Labda hatukupaswa kuyauliza maji peke yake. Rudi kijijini. Safari hii usichote kitu. Tazama tu."

Nilirudi, na nilichokikuta ni Paulina ananisubiri njiani. Jino lake jipya la mbele lilikuwa limetoka. Alikuwa ameuchezea ufizi kwa ulimi wiki nzima akingoja siku hiyo. Alininyanyulia mdomo wa juu kwa vidole viwili ili nilione. Lilikuwa limechomoza kidogo tu, ncha yake kama punje ya mchele, na ile ncha ilikuwa tayari na mstari wa kahawia. Halijawahi kutafuna kitu. "Ni zuri?" akauliza. Nikamwambia ni zuri, ni imara. Akakimbia kumwonyesha jirani. Mimi nilibaki pale njiani na begi langu, na jambo ambalo mpaka siku ile lilikuwa fumbo la kazi likawa kitu kingine. Paulina jino lake lilishaumbwa. Lakini ndani ya nyumba, kwenye mkeka, alikuwapo Emanueli, ambaye meno yake ya ukubwa yalikuwa yakiumbwa wakati uleule, ndani ya ufizi, siku kwa siku, kwa chochote tulichokuwa tunampa.

Majibu yalianza kwa umbea. Wanawake wa jirani walikuwa wakikusanyika mchana kwa Ama kupukuchua mahindi, nami nilikuwa nakaa nao. Siku moja yule mwenye ulimi mkali kuliko wote, Mama Safari, alilitazama tabasamu la Paulina akasema mtoto huyu sasa amekuwa Mwiraqw kamili. Wakaanza kubishana kwa nini meno yetu yako hivi. Mmoja akasema ni vumbi. Mwingine akasema ni ukoo. Mama Safari akasema, "Ukoo gani, hata waliohamia wanapata. Lakini watoto wa mwalimu mkuu, waliozaliwa hapahapa, meno kama maziwa. Na wanachota chemchemi hii hii. Zitakuwa ni zile ndizi zao." Wote wakacheka, maana mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Bukoba na kijiji kizima kilijua jinsi alivyohangaika kuagiza ndizi kutoka Mto wa Mbu. Mimi sikucheka: kama maji ni yaleyale, tofauti iko kwenye chungu. Niliweka gunzi chini, nikaenda moja kwa moja nyumba za walimu, na mke wa mwalimu mkuu akashangaa kuona mtu wa maji anamuuliza anapikaje maharage. "Ninayachemsha," alisema. "Vitunguu, chumvi, basi." Nikamuuliza kama anatia magadi, kama tufanyavyo sisi ili yaive upesi. Akakunja uso. "Yale mawe meupe ya mnadani? Nilijaribu mara moja nilipokuja, tumbo likanivuruga usiku kucha. Kwetu hatuna mambo hayo."

Jioni ile nilimtazama Ama Yosefina akipika, na ilikuwa kama sijawahi kumwona akipika. Alichukua kipande cha magadi kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akakidondosha kwenye chungu. Mchuzi ukatoa povu, harufu ikabadilika. Nilikuwa nimeliona tendo hilo maisha yangu yote, kwetu na kwa watu, na mpaka siku ile halikuwahi kuingia akilini mwangu kama kitu cha kupima. Nikamuuliza yanatoka wapi. "Engaresero, ziwani," alisema. "Wamasai wanayaleta kwa punda mpaka mnadani. Bila haya, maharage utayachemsha kutwa nzima, na kuni nani atakuletea?" Nikamwomba kipande. Alinipa viwili, akidhani nina ng'ombe wa kulambisha.

Karatu tulipima gramu kumi, tukaziyeyusha kwenye lita moja ya maji ya mvuke. Bwana Mbaruku alisimama nyuma yangu wakati nadondosha dawa. Rangi haikufifia hata kidogo. Badala yake ilizidi kukolea, ikawa zambarau nzito ambayo haikuwamo kabisa kwenye safu yetu. Kwa kipimo chetu, wekundu ulimaanisha hakuna floraidi. Nilihisi nimepigwa kofi. Bwana Mbaruku alikwenda kumwagilia mchicha wake nje, na mpaka leo sijui kama alikuwa tayari amekwisha jua. Nilikaa na ile glasi ya zambarau. Sikuipenda rangi ile, ilikuwa kama mtu anayejibu swali ambalo hukumuuliza. Kisha nikakumbuka povu kwenye chungu, na jinsi magadi yanavyochonyota ukiyaweka ulimini. Magadi ni kinyume cha tindikali, na dawa yetu ilihitaji tindikali ili ifanye kazi. Hapakuwa na jibu kwenye glasi ile kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa imeharibika kabla haijaulizwa. Nikachukua mmumunyo mwingine, nikatia tindikali tone kwa tone, ukachemka povu kama soda, nikaendelea mpaka povu likaisha. Ndipo nikadondosha dawa. Wekundu ulitoweka mbele ya macho yangu. Njano tupu, njano kupita glasi yetu ya mwisho. "Bwana Mbaruku," niliita, na sauti yangu ikawa ndogo, "imetoka nje ya safu."

Alikuja na kopo lake la maji mkononi. Akatazama. "Sasa utajuaje ni kiasi gani, kama safu imeisha?" Nikasema nitazimua. "Mara ngapi?" Nikasema sijui, nitazimua mpaka irudi ndani ya safu, halafu nitahesabu kurudi nyuma. Akavuta kiti chake, akakaa kunitazama kama mtu anayetazama mpira. Mara kumi, bado njano. Nikachukua mililita ishirini, nikajaza mpaka lita moja, yaani mara hamsini, nikatia dawa, na rangi ikasimama sawasawa na glasi ya miligramu moja. Kilichomo hakipotei, kinachoongezeka ni maji. Moja mara hamsini: miligramu hamsini kwa lita. Na lita ile ilikuwa na gramu kumi za magadi. Kila gramu ilikuwa na miligramu tano. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, na hesabu ikakataa kubadilika. Kisha nikakihesabu chungu. Kipande cha kidole gumba, gramu kumi hivi. Chungu cha Ama, lita tatu za mchuzi, miligramu hamsini ndani yake. Bakuli moja dogo la Emanueli, sehemu moja ya kumi ya chungu, lilikuwa na floraidi sawa na nusu ndoo ya maji ya chemchemi. Bwana Mbaruku aliisoma karatasi yangu mpaka mwisho. "Mwambie yule mzee," alisema, "kwamba alikuwa sahihi kututukana."

Nilidhani kujua ndiyo kazi, na kwamba baada ya kujua mengine yatajipanga yenyewe. Ama Yosefina alinisikiliza akiwa anapepeta maharage, hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, mimi nimekula magadi tangu nizaliwe. Nina meno yote." Nikasema ndiyo, ni imara, ila ni ya kahawia. "Kwani kahawia inauma?" Nikamweleza kuhusu mifupa, kwamba floraidi inapozidi miaka mingi magoti yanapinda, na akatazama nje, na nilijua anamfikiria dada yake, aliyekuwa akitembea kwa fimbo mbili. "Na kuni?" akasema. "Umeihesabu hiyo? Bila magadi, kuni ni mara mbili. Msitu wa hifadhi haturuhusiwi. Utaniletea wewe?" Hilo sikuwa nimelihesabu. Nilikuwa nimeupima mchuzi mpaka miligramu, na kuni sikuziona, ingawa zilikuwa zimeegemezwa ukutani nyuma yangu muda wote huo.

Asubuhi yake nilikuta maharage yamelowekwa kwenye karai tangu jioni, na mahindi yaliyotwangwa kutoa ganda, na kando yake yako mengine ambayo hayakulowekwa. Alipika vyungu viwili, kimoja baada ya kingine, kwa mizigo ya kuni aliyoifunga sawa. Hakuniambia anafanya nini. Kile kilichotiwa magadi kiliiva kwanza. Kile kingine kilichelewa, lakini si kama tulivyoogopa, na mzigo wake wa kuni ulibaki vijiti vichache. Aliyaonja makande ya vyungu vyote viwili. "Haya ya pili hayana ladha," alisema. Akachukua bakuli la Emanueli, akampakulia ya pili. Sisi wengine alitupakulia ya kwanza. Paulina alitazama bakuli lake, akatazama la mdogo wake, akauliza kwa nini vyakula ni viwili. Nikamweleza kama ninavyomweleza mtu mzima, kwa sababu sikujua njia nyingine: kwamba meno ya Emanueli bado yanatengenezwa ndani, na magadi yanaweza kuyatia rangi. "Na yangu?" akauliza. Nikasema yake ya mbele yameshatengenezwa. Alifikiri sana, ulimi ukiwa kwenye lile jino jipya. Hakulia. Aliuliza tu, "Nani alikuwa anajua nilipokuwa mdogo?" Nikasema hakuna. "Hata wewe?" Nikasema hata mimi.

Mkutano wa pili ulikwenda vizuri kuliko wa kwanza. Bwana Mbaruku alileta glasi zake, akatia maji ya chemchemi na dawa mbele ya watu, yakabaki mekundu. Akatia mchuzi wa makande aliouchuja kwa kitambaa na kuutayarisha kwa tindikali, ukawa njano, na watu wakasogea kuona. Alisema mbele ya wote kwamba bila Mzee Bura tusingetafuta. Mzee Bura alitazama glasi ile muda mrefu, akasema maneno machache kwa Kiiraqw kwa mke wake, kisha akakaa. Kamati ikakubali bomba. Lilichukua muda kufika, mabomba yalikuwa shida kama kila kitu, lakini lilifika. Kuhusu magadi, Bwana Mbaruku aliandika kurasa kadhaa katika taarifa yake, akazituma mkoani. Jibu lilikuja baada ya miezi: kazi ya mradi ni maji, mambo ya vyakula yana idara yake. Aliisoma barua ile amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa koti. "Wamesoma sehemu ya maji tu," alisema. Niliona amezeeka kidogo siku ile. Mwisho wa mwaka alihamishwa kurudi pwani, nami nikapata nafasi ya chuo cha ualimu. Nimefundisha kemia miaka yote iliyofuata, na kila kidato nimewaanzishia ukolevu kwa kikombe cha chai.

Nilirudi Endamarariek miaka kama kumi na moja baadaye, kwa safari nyingine, nikapita kwa Ama bila kutoa taarifa. Alikuwa amezeeka, amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, akanitambua kwa sauti. Niliuliza kwa aibu kidogo kama mambo ya magadi aliyaendeleza. Akaguna. Akasema mara ya kwanza nilipoondoka tu, alirudia upishi wake wa zamani, kuni zilimshinda. Lakini kila alipotia kipande kwenye chungu, Paulina alikitoa kwa mwiko akakitupia ng'ombe. Alichapwa, akakitoa tena. Kibuyu kikafichwa, akakitafuta. "Mtoto alikuwa kama askari," alisema Ama. "Hakuenda kucheza mpaka chungu kiive. Mwishowe nikachoka mimi. Akaanza kuleta kuni yeye mwenyewe, kila siku akitoka shule, ili nisiwe na sababu."

Paulina alikuja jioni, mzigo wa kuni kichwani, msichana mrefu sasa, ametabasamu na meno yake ya kahawia bila kuficha chochote. Nyuma yake alikuja kijana wa miaka kumi na miwili, mwenye haya, ambaye nilimwacha anatambaa. Tulisalimiana. Paulina aliponiona namtazama mdogo wake, alitua mzigo, akamshika kidevu kama tunavyomshika ndama, akamnyanyua mdomo wa juu kwa vidole viwili, huku mwenyewe akijikunyata na kulalamika. Meno yalikuwa meupe yote, mpaka ndani.

"Yatazame, dada," alisema Paulina. "Haya ni yangu."